Shahada ya Heshima na Kilemba cha Ukoka: Mtumishi wa Neno na Thamani ya Elimu

1. Utangulizi

Jioni moja ya mwezi Juni, wakati baridi ya Mufindi inapowalazimisha watu kukaa karibu na moto, alinijia mchungaji mwenzangu anayetumika katika usharika ulio nje kidogo ya mji wa Mafinga. Alikuwa na barua. Taasisi moja ya ng'ambo, ambayo yeye hakuwahi kuisikia kabla ya siku ile, ilimwarifu kwamba imemteua kupokea Udaktari wa Heshima wa Theolojia kwa ajili ya utumishi wake wa miaka mingi. Alitakiwa kutuma mchango wa mahafali, gharama za joho na bei ya cheti. Jumla ya fedha hizo ilitosha kumlipia mwanafunzi wa chuo cha Biblia ada ya zaidi ya mwaka mmoja. Wazee wa usharika wake, kwa kumpenda mchungaji wao, walikuwa tayari kuuza sehemu ya miti katika shamba la usharika ingawa haijakomaa, ili fedha zipatikane.

"Mwalimu," aliniambia, "nikubali au nikatae?"

Nilimwuliza kwa nini anaitaka shahada hiyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kweli: "Katika mikutano ya wachungaji wa madhehebu mbalimbali pale mjini, vijana walioanza kuhubiri juzi wanaitwa Daktari na kuketishwa mbele. Mimi nina miaka karibu thelathini katika huduma, nami naketi nyuma karibu na mlango. Hata waumini wangu wananiona nimebaki nyuma."

Makala hii ni jibu langu kwake, nami nimeona vema kulitoa mbele ya wasomaji wote wa jarida letu, kwa kuwa swali lake si lake peke yake. Hatuna budi kueleza kwanza shahada ya heshima ni nini na ilitoka wapi. Pili, jinsi baba zetu katika imani na viongozi wa nchi yetu walivyobeba vyeo vya elimu. Tatu, Maandiko yanatuongozaje. Na mwisho, mtumishi wa Neno apimeje anapopewa heshima ya namna hii.

2. Maana na asili ya shahada ya heshima

Shahada za kawaida za chuo kikuu hupatikana kwa kusoma. Mwanafunzi hudahiliwa, huhudhuria mihadhara, huandika mitihani, na katika ngazi za juu huandika tasnifu na kuitetea mbele ya wataalamu. Cheti anachopewa mwishoni ni ushahidi wa jambo moja: kwamba mtu huyu amejifunza somo fulani kwa kipimo fulani, na waliompima wanaweka jina la chuo chao rehani.

Shahada ya heshima ni ya namna nyingine. Kwa Kilatini huitwa honoris causa, maana yake "kwa ajili ya heshima". Chuo humwondolea mpokeaji masharti yote ya masomo na mitihani, kikatangaza hadharani kwamba mtu huyu ametenda jambo kubwa kwa taifa, kwa elimu, kwa Kanisa au kwa wanadamu. Utaratibu wake katika vyuo vyenye heshima hufanana: jina hupendekezwa, sifa za mhusika huchunguzwa na kamati, Seneti na Baraza la Chuo huamua, kisha siku ya mahafali husomwa maelezo ya kazi za mtunukiwa, na Mkuu wa Chuo humtunuku. Mtunukiwa hatozwi ada. Yeye ni mgeni aliyealikwa, na mgeni halipii chakula cha karamu.

Kwa hiyo cheti cha namna hii nacho ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa jambo jingine. Chatuambia kwamba mtu huyu ametenda. Hakituambii kwamba mtu huyu amesoma. Anayechanganya mambo haya mawili huharibu yote mawili.

Desturi hii ni ya zamani. Shahada ya heshima ya kwanza inayotajwa katika kumbukumbu ilitolewa na Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza karibu mwaka 1478, kwa Lionel Woodville. Mtu huyu alikuwa kasisi, Dekano wa Kanisa Kuu la Exeter, na baadaye akawa Askofu wa Salisbury. Alikuwa pia shemeji ya Mfalme Edward wa Nne. Tangu mwanzo wake, basi, shahada ya heshima ilikuwa na nyuso mbili. Uso mmoja ni wa chuo kinachomheshimu mtu anayestahili. Uso wa pili ni wa chuo kinachotafuta kupendwa na wakubwa. Na mtu wa kwanza kuangaliwa na nyuso hizo mbili alikuwa mtumishi wa Kanisa.

Kwa sababu ya uso huo wa pili, vyuo vingine vimejizuia. Chuo Kikuu cha Virginia huko Marekani, kilichoanzishwa na Thomas Jefferson mwaka 1819, hakitoi shahada za heshima. Oxford yenyewe, ambayo ilikuwa na desturi ya kuwatunuku mawaziri wakuu waliosoma pale, mwaka 1985 ilipiga kura ya kumnyima Margaret Thatcher, kwa kuwa wahadhiri wengi waliona serikali yake imepunguza mno fedha za elimu na utafiti. Mifano hii yatufundisha kwamba wenye vyuo hawachukulii jambo hili kuwa mchezo. Wanajua kwamba kila wanapotoa heshima, wanatoa kitu ambacho wanafunzi na walimu wa vizazi vingi wamekichuma.

3. Luther na Melanchthon: cheo kama kiapo

Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kulitafakari neno "Daktari", maana Matengenezo ya Kanisa yaliongozwa na daktari wa theolojia aliyetunukiwa katika Chuo Kikuu cha Wittenberg mwezi Oktoba 1512. Martin Luther hakukitafuta cheo hicho. Mkuu wake katika shirika la Waaugustino, Johann von Staupitz, alimwambia chini ya mti wa mpea katika ua wa nyumba ya watawa kwamba imempasa kuwa daktari na kufundisha. Luther alitoa udhuru mwingi, hata kusema kwamba hana nguvu ya kuishi muda mrefu. Udhuru wake haukukubaliwa.

Gharama ya kutunukiwa ilikuwa gulda 50, fedha ambazo mtawa maskini hakuwa nazo. Mtawala wa Saksonia, Frederick, alizilipa, kwa sharti kwamba Luther afundishe Maandiko pale Wittenberg maisha yake yote. Msomaji anaweza kuuliza: je, huku si kununua cheo? La hasha. Luther alikuwa amekwisha kusoma na kupimwa ngazi kwa ngazi, na fedha hiyo ilikuwa ada ya kumfungia kazi. Alipokea Biblia, kofia na pete, akala kiapo cha kutofundisha mafundisho ya kigeni yaliyohukumiwa na Kanisa. Baadaye, walipomwuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kusema dhidi ya mafundisho ya wakubwa, alijitetea mara nyingi kwa kiapo hicho: yeye ni daktari aliyeapishwa kwa Maandiko, hivyo hana uhuru wa kunyamaza. Kwake cheo kilikuwa mzigo aliotwikwa kwa ajili ya wengine.

Upande wa pili yupo Filipo Melanchthon. Alifika Wittenberg mwaka 1518 akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1519 alipata shahada ya kwanza ya Biblia, wala hakuendelea kuchukua udaktari wa theolojia hata kufa kwake. Pamoja na hayo, ndiye aliyeandika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo kila mchungaji wa Kilutheri hulikiri siku ya kubarikiwa kwake. Ndiye pia aliyepanga shule na vyuo vya nchi yake, hata vizazi vilivyofuata vikamwita Mwalimu wa Ujerumani. Kanisa letu, basi, lilisimamishwa na watu wawili, mmoja daktari na mwingine asiye daktari. Hakuna aliyemdharau wa pili, kwa kuwa elimu yake ilionekana katika kazi yake.

Hata katika karne ya ishirini tunamwona Karl Barth, mchungaji wa Uswisi, ambaye hakuwahi kuandika tasnifu ya udaktari. Kitabu chake juu ya Waraka kwa Warumi ndicho kilichomfanya ajulikane, na mwaka 1922 Chuo Kikuu cha Münster kikamtunuku udaktari wa heshima. Wakati wa utawala wa Wanazi chuo hichohicho kilimvua heshima hiyo, na baada ya vita kikamrudishia. Theolojia yake haikupungua cheti kilipoondolewa wala haikuongezeka kiliporudi. Katika Ujerumani ya zamani walikuwa hata na njia ya kutofautisha: daktari wa theolojia wa heshima aliandika herufi D peke yake mbele ya jina, na aliyesoma na kuandika tasnifu aliandika Dr. theol. Msomaji wa barua alijua mara moja anaandikiwa na nani. Huo ulikuwa uaminifu mdogo wenye faida kubwa.

4. Mfano wa nchi yetu

Katika nchi yetu mfano ulio bora kuliko yote ni wa Julius Kambarage Nyerere. Alisoma ualimu Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, akafundisha Tabora, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, akarudi na shahada na kufundisha Pugu. Mwaka 1962 chuo hicho cha Edinburgh kilimtunuku Udaktari wa Heshima wa Sheria, na huo haukuwa wa pekee. Alizipokea heshima hizo kwa adabu, maana kukataa zawadi ya mwenye nia njema nako kwaweza kuwa kiburi. Lakini wananchi hawakumwita Daktari, naye hakuwataka wamwite hivyo. Alibaki na jina alilolipata mbele ya ubao na chaki: Mwalimu. Hata alipofariki mwezi Oktoba 1999, taifa lilimlilia kwa jina hilo.

Tena huyo Mwalimu ndiye aliyeiweka elimu katikati ya siasa ya nchi. Mwaka 1967 aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akionya kwamba shule inayomfanya mtoto ajione bora kuliko wazazi wake imepotea njia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, hata mwaka 1977 ikatangazwa kwa nchi nzima. Aliyekuwa na shahada nyingi za heshima alitumia nguvu zake kuhakikisha kwamba mtoto wa mkulima anajua kusoma. Hapo twaona heshima iliyopokewa na kurudishwa kwa watu.

Mfano wa karibu zaidi ni wa tarehe 30 Novemba 2022, ambapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia kwa Mkuu wa Chuo, Rais mstaafu Jakaya Kikwete, kilimtunuku Rais Samia Suluhu Hassan Udaktari wa Heshima. Wanafunzi wetu waliutazama zaidi ukumbi na joho. Mimi ningewaomba watazame ngazi. Mama huyo aliajiriwa kuwa karani huko Zanzibar mwaka 1977 baada ya masomo ya sekondari. Katika miaka ya 1980 alisoma utawala wa umma Mzumbe. Katika miaka ya 1990 alisoma uchumi Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Na baadaye alipata shahada ya uzamili katika maendeleo ya uchumi wa jamii, kwa mpango wa pamoja wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na chuo kikuu kimoja cha Marekani. Shahada ile ya uzamili ni ushahidi wa masomo yake. Udaktari wa heshima ni ushuhuda wa chuo juu ya uongozi wake. Karatasi hizi mbili zasema mambo mawili, na kila moja inapaswa kusomwa kwa maana yake.

5. Maandiko yasema nini?

Wako wanaodhani kwamba Bwana wetu amekataza vyeo vyote katika Mathayo 23:8–12, anapowaonya wanafunzi wasipende kuitwa Rabi. Tukiisoma sura nzima tunaona kwamba anachokikemea ni moyo unaofanya dini kuwa jukwaa: kupenda viti vya mbele, salamu za sokoni na mavazi ya kuonekana. Mtume Paulo, kwa upande wake, hakuona haya kutaja kwamba alilelewa miguuni pa Gamalieli (Mdo. 22:3), na katika Warumi 13:7 anaagiza kwamba anayestahili heshima apewe heshima. Kuheshimiwa, basi, si dhambi. Swali ni namna heshima inavyokuja na mahali inapokwenda.

Juu ya namna inavyokuja tunazo sehemu mbili. Katika Luka 14:7–11 Yesu anatufundisha juu ya mgeni wa karamu. Mgeni hachagui kiti cha mbele. Mwenye karamu ndiye anayemwita apande juu. Hivi ndivyo shahada ya heshima iliyo halali inavyokuja: mwingine anakuita, nawe hukuomba wala hukulipa. Kinyume chake ni Simoni wa Samaria katika Matendo 8:18–20, aliyewaletea mitume fedha ili apate uwezo waliokuwa nao. Kanisa la kale lilichukua jina lake na kuwapa wote wanaonunua madaraka matakatifu. Atakayenunua cheo cha theolojia ili kiti chake kanisani kiwe cha mbele, na ajiulize yuko mbali kiasi gani na mtu huyo.

Juu ya mahali inapokwenda heshima, hakuna sura iliyo wazi kama Esta 6. Hamani aliitamani heshima, akaieleza kwa urefu akidhani ni yake: vazi la kifalme, farasi wa mfalme na mpiga mbiu mbele. Mordekai hakuomba lolote. Alikuwa amefanya wema zamani, ukaandikwa, ukasahauliwa. Siku mfalme alipokumbushwa, Mordekai alivishwa na kuzungushwa katika njia kuu ya mji. Wahubiri wengi huishia hapo. Lakini mstari wa 12 unatueleza kwamba baada ya hayo yote Mordekai alirudi penye lango la mfalme. Alirudi kazini kwake. Wayahudi walikuwa bado katika hatari, na lango ndipo mahali alipoweza kuwasaidia.

6. Thamani ya elimu katika Nyanda za Juu Kusini

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu? Kwa sababu katika nchi hii ya milima, kuanzia Mbeya hadi Iringa, Kanisa na shule vilizaliwa pamoja. Wamisionari wa Berlin waliingia kusini ya nchi mwaka 1891, na Wamoraviani walifika Rungwe mwaka huohuo. Kituo cha Kidugala katika Ubena kilianzishwa mwaka 1898. Penye kanisa palijengwa darasa, na aliyefundisha Katekisimo Ndogo ndiye aliyefundisha herufi. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, na tena vita ya pili ilipofanya hivyo, waliobaki na kundi walikuwa waalimu na wainjilisti wenyeji. Wengi wao walikuwa na miaka michache tu ya shule. Hawakuwa na shahada, na hakuna chuo kilichowaita mbele. Lakini kile kidogo walichokijua walikijua kweli, wakakitoa chote. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwezi Juni 1963, limesimama juu ya mabega yao.

Wazee wetu walipoona kwamba wachungaji wanahitaji masomo ya juu zaidi, hawakuwapa majina, waliwajengea vyuo. Masomo ya theolojia yalianza Lwandai, Usambara, mwaka 1947, yakahamia Makumira mwaka 1954. Katika miaka ya 1990 Kanisa likafungua milango ya chuo kikuu hata mjini Iringa. Kila hatua ya safari hiyo ililipwa kwa sadaka za watu wanaolima mahindi, wanaochuma chai na kupasua mbao.

Mkristo wa Mafinga anajua jambo moja kuliko watu wengi: mti hauna njia ya mkato. Anayeishi kando ya misitu ya Sao Hill amekwisha kuona kwamba mche uliopandwa leo utapogolewa, utapunguziwa majirani, utavumilia moto na ukame wa miaka mingi kabla haujawa ubao wa kuezekea nyumba. Anayevuna mapema hupata kuni. Elimu nayo ndivyo ilivyo. Mwinjilisti anayekaa miaka akijifunza kuisoma Biblia kwa makini, kutofautisha Sheria na Injili, na kumsikiliza mfiwa kabla ya kumhubiria, anakomaa polepole, na usharika utakaa chini ya kazi yake kama watu wakaavyo chini ya paa.

Sasa tukiruhusu cheo kinachonunuliwa kwa barua moja kisimame sawa na miaka hiyo, tunawadhulumu watu watatu. Tunamdhulumu mwanafunzi anayesoma kwa taa usiku, maana tunamwambia kwamba jasho lake halina bei. Tunamdhulumu mwumini, ambaye akisikia neno "Daktari" huamini kwamba anayemfundisha amechunguza Maandiko kwa kipimo cha juu, naye anaweza kumfuata hata katika upotovu. Na tunamdhulumu mpokeaji mwenyewe, kwa kuwa tangu siku hiyo ataogopa kuulizwa swali. Waswahili husema mtu kavikwa kilemba cha ukoka, yaani amepewa sifa zisizo na kitu ndani. Ukoka ni kijani asubuhi. Jua likipanda, hukauka kichwani pa mwenyewe mbele ya watu.

7. Mtumishi apimeje?

Kwa hayo tuliyoyasema, napendekeza maswali manne kwa mchungaji au mwalimu anayeletewa habari ya shahada ya heshima.

Kwanza, ni nani anayeitoa? Katika nchi yetu vyuo vikuu vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyowekwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, na tume hiyo ndiyo pia inayotathmini tuzo za vyuo vya nje. Kuuliza huko si kukosa imani, ni busara. Taasisi isiyo na wanafunzi, maktaba wala walimu haina heshima ya kumgawia mtu mwingine.

Pili, naombwa fedha? Shahada ya heshima inayodaiwa malipo ni bidhaa, iwe malipo hayo yameitwa mchango, sadaka au gharama za joho. Mwanafunzi hulipa ada kwa sababu anafundishwa. Anayelipia heshima ananunua sifa tupu.

Tatu, ni kazi gani inayoheshimiwa? Chuo cha kweli kitaweza kuitaja: umejenga shule, umetafsiri Maandiko, umepatanisha watu, umelea wagonjwa. Kama barua ingeweza kutumwa kwa mchungaji yeyote kwa kubadilisha jina tu, basi haikuandikwa kwa ajili yako.

Nne, nitaitumiaje? Vyuo vingi duniani huwashauri watunukiwa wasijiite Daktari kama waliosoma. Hapa kwetu desturi ni legevu zaidi, lakini Amri ya Nane haikulegea. Katika wasifu, katika maombi ya kazi na mimbarani, iandikwe wazi kwamba ni shahada ya heshima. Mtumishi asiitumie kupata nafasi ya kufundisha somo ambalo hakulisoma.

Akijibu maswali hayo manne kwa dhamiri njema, na apokee kwa shukrani. Amshukuru Mungu, awataje waliofanya kazi pamoja naye, kisha arudi langoni kama Mordekai.

Liko pia neno kwa Kanisa lenyewe. Mwenzangu yule hakuwa na tamaa ya fedha wala ya madaraka. Alikuwa ametumika miaka karibu thelathini na hakuna aliyemwambia asante kwa kinywa kipana. Kanisa lisilojua kushukuru huwasukuma watumishi wake sokoni. Sharika zinaweza kumwita mbele mwinjilisti aliyestaafu na kusimulia kazi zake angali hai. Majimbo yanaweza kumpa mchungaji wa kijijini nafasi ya likizo ya masomo, hata ya miezi michache, kwa kuwa elimu haina mwisho na mwenye umri wa miaka hamsini bado anaweza kujifunza. Na katika mikutano yetu viti vya mbele vinaweza kugawiwa kwa kipimo kingine kuliko herufi zilizo mbele ya jina.

8. Hitimisho

Baada ya kumwambia hayo kwa ufupi, mwenzangu aliikunja barua yake na kuirudisha mfukoni. Hakunijibu usiku ule. Alisema tu, "Nitaongea na wazee, maana ni miti yao." Majuma machache baadaye nilipata habari kwamba wazee wameamua miti isikatwe mpaka ikomae, na kwamba fedha za mavuno ya kwanza zitampeleka mwinjilisti mmoja kijana katika chuo cha Biblia. Mchungaji mwenyewe aliomba kitu kimoja kutoka kwangu: orodha ya vitabu vya kusoma juu ya Waraka kwa Warumi, apate kuanza na anachokiweza.

Nilimpelekea vitabu viwili kutoka rafu yangu. Katika mkutano uliofuata pale Mafinga nilimkuta ameketi palepale, karibu na mlango, na kimoja cha vitabu hivyo magotini. Nilikwenda kuketi kando yake.